Jaji kaona kipande, sisi tumeona miaka

Tangu ule usiku wa tuzo za tamthilia urushwe laivu simu yangu haijapumzika, kila grupu nililomo, la ukoo, la kikoba, la tuliosoma wote, hata lile la kuchangia misiba ambalo tulikubaliana lisiwekwe mambo mengine, kote ni neno moja tu, tumeibiwa. Sitaitaja tuzo yenyewe wala jina la dada yetu aliyekosa, na nina sababu, ukishataja jina tu watu wanaacha kusoma hoja wanaanza kutafuta uko timu gani. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyeibiwa. Na sisemi hivo kuwatetea waandaaji, maana kwa mtazamo wangu walichofanya ni kibaya kuliko wizi, mwizi angalau anajua thamani ya anachobeba. Kilichotokea ni kwamba jaji na shabiki walikuwa wanaangalia vitu viwili tofauti ambavyo vyote vinaitwa tamthilia, jaji aliletewa kipande na sisi tunayo miaka, na tusipolielewa hilo kila mwaka usiku huohuo tutaendelea kutukana watu kwa kosa ambalo silo.

Usiku huo nilikuwa Kirumba, Mwanza, banda moja la karibu na soko la samaki la Mwaloni ambalo asubuhi ni la chai na chapati na usiku linageuka banda umiza, tivii ipo juu ya friji la soda, king'amuzi kimefungwa na mpira wa tyubu ya baiskeli kisidondoke. Wengi mle ndani ni kina mama wa dagaa, wametoka kushona magunia, harufu ya dagaa ipo mpaka kwenye kanga na hakuna anayejali. Ikafika kipengele cha muigizaji bora wa kike wa tamthilia, wakaanza kuonyesha vipande vya wanaowania, kila mmoja sekunde kama kumi hivi. Cha dada yetu kikawa kile cha msibani, anagaragara, kilemba kimevuka, analipiga jeneza kwa ngumi mbili. Banda likanyamaza, na sio ule unyamavu wa kuguswa. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa mbele kwenye kreti, ambaye wakati naingia nilimwamkia shikamoo mayu, yani mama kwa Kisukuma, akaniitikia marahaba mwanangu, akanigeukia kama vile mimi ndo nimechagua. "Hicho sicho," akasema. "Wamechukua siku aliyoigiza vibaya kuliko zote."

Nikamuuliza mayu ulitaka waweke kipi. Akajibu, "Shati."

Hakuna mtu mle ndani aliyeuliza shati lipi. Ni episodi ambayo mke ameshajua wiki tatu nyuma kwamba mumewe ana nyumba nyingine na watoto, hajamwambia mtu, na mume anamwachia shati la kunyoosha, anasema anasafiri kikazi. Basi ananyoosha. Hasemi neno. Anamaliza kola, analitundika, anaenda mlangoni, anarudi, analishusha, anaanza kola upya. Ni hilo tu, dakika mbili hazifiki. Mle bandani siku ile ilipoonyeshwa (nilikuwepo pia, sioni aibu) kuna mtu alisema "jamani" kwa sauti ndogo na hakuna aliyemwambia nyamaza. Sasa chukua hizo dakika mbili mpelekee jaji ambaye hajaona kitu kingine chochote. Ataona nini? Mwanamke ananyoosha shati. Ili shati lile liwe shati inabidi uwe umekaa na yule mwanamke miezi mitatu, umemuona akiuza vitenge vyake ili mume apate mtaji, umemuona akidanganywa mara ya kwanza na ya pili, na wewe mwenyewe umeshajua kabla yake na umekaa unaumia kwa niaba yake. Uigizaji mzuri wa tamthilia unakaa humo, kwenye vitu ambavyo vimebebwa na vilivyotangulia, na ndo maana ukiukata hauna maana. Kilio cha jeneza hakihitaji historia, mtu yeyote akiona jeneza na mtu anagaragara anaelewa. Kwahiyo kipande kinachofaa kupelekwa kwa jaji ni kile ambacho hakitegemei tamthilia, yani ni kipande kilichofanana na filamu, halafu tunashangaa kwanini tuzo za tamthilia zinaenda kwa watu wanaolia kama kwenye filamu.

Hili halijaanzia Bongo. Hii biashara ya hadithi ya kila siku ilianzia kwenye redio Marekani miaka ya 1930, kampuni za sabuni ndo zilikuwa zinalipia ili mama aliyeko nyumbani asikilize huku anafua, na jina la sabuni likaganda mpaka leo kwenye lugha yao, wanaziita "soap opera". Guiding Light ilianza redioni 1937, ikahamia kwenye tivii 1952, ikafungwa 2009, miaka 72, kuna watu walizaliwa ikiwepo wakazeeka ikiwepo. Hizi za mchana za Marekani zinatoka siku tano kwa wiki, zinafika karibu episodi 250 kwa mwaka, na kwa sababu ya kasi hiyo muigizaji anarudia mara moja au mbili basi, hana muda wa kutafuta chozi zuri. Huko nako tuzo zao, Daytime Emmy, zimekuwa na sherehe yake tangu 1974, na kwa muda mrefu utaratibu umekuwa huohuo, unayewania unachagua kazi zako chache za mwaka mzima unazipeleka kwa majaji, wanakaa wanaangalia hizo.

Na hapo ndo alipokwama Susan Lucci. Huyu mama alimuigiza Erica Kane kwenye All My Children kuanzia tamthilia inaanza 1970 mpaka kituo cha ABC walipoifunga 2011, mhusika mmoja miaka 41. Aliwania tuzo kwa mara ya kwanza 1978, akakosa. Akawania tena akakosa, mpaka zikafika mara 18, ikawa kichekesho cha taifa na yeye mwenyewe akajiunga kujicheka. Alipopata 1999, mara ya 19, ukumbi ulisimama ukapiga makofi mpaka akashindwa kuanza kuongea. Wapo waliokuwa wanasema mashabiki wa Lucci ni wajinga wanapenda jina tu. Wapo waliosema mtandao wa ABC haupendwi. Maelezo yanayoniingia akilini zaidi ni yale waliyokuwa wanayatoa watu wa hukohuko, kwamba vipande alivyokuwa anachagua kupeleka vilikuwa vile vikubwa vikubwa, vya makelele, wakati Erica alikuwa mtamu kwenye vitu vidogo vya kila siku, anavyojitengeneza kwenye kioo kabla ya kudanganya na kadhalika. Mwanamke aliyekuwa akiangaliwa na mamilioni mchana wa kila siku alishindwa kujieleza kwa kipande. Kama yeye ilimchukua miaka 21 toka 1978, dada yetu wa juzi asikate tamaa, ila pia asidhani ameonewa peke yake.

Sasa niwape majaji haki yao, maana nao wana hoja na sio ndogo. Kwanza shabiki anampenda mhusika, hampendi muigizaji, na hivyo ni vitu viwili. Tunampenda yule mke kwa sababu ameonewa, na yeyote ambaye angepewa nafasi ile angependwa nusu ya hapo kabla hajafungua mdomo, kazi ya jaji ni kutenganisha kipi ni cha mwandishi na kipi ni cha muigizaji, na sisi mle bandani hatutenganishi. Pili kipande kinamsaidia aliyeanza juzi, mtoto ana miezi minne kwenye tamthilia na anaweza, akishindanishwa kwa miaka hatapata kitu mpaka azeeke. Na tatu ni hesabu tu. Chukua wagombea watano, kila mmoja tamthilia yake ina episodi 250 kwa mwaka za nusu saa nusu saa, hizo ni saa 625, ukimkalisha jaji saa 8 kila siku bila Jumapili wala sikukuu anamaliza siku ya 79. Kipengele kimoja hicho. Hakuna jaji wa hivyo duniani na angekuwepo angeshakuwa shabiki kama sisi. Kwahiyo kipande sio njama, ni njia ya mkato ambayo watu wenye kazi zao wameitumia kwa sababu hawana nyingine, na mimi naikubali kama njia ya mkato, nisichokikubali ni kuambiwa ndo barabara.

Hapo watu wengi wanakimbilia dawa ambayo wanaona iko wazi, basi tupige kura wenyewe, shabiki ndo ameona miaka, shabiki aamue. Nilikuwa naiamini hii mpaka nilipoanza kuhesabu nani anapiga kura. Kura ya tuzo sikuhizi ni simu janja na bando, na mashindano mengi yanakuruhusu urudie, yani mtu mmoja mwenye bando la mwezi na muda wa kupoteza anaweza kuwa watu hamsini, na msanii mwenye chawa wa kutosha anafanya kampeni kama ubunge. Upande mwingine weka banda la Kirumba. Tivii moja, king'amuzi kimoja, kifurushi kimoja, watu arobaini. Kwa aliyeko kule anayeangalia namba, sisi arobaini ni mteja mmoja, na tena mteja anayelipia kifurushi cha chini. Simu nyingi mle ni za tochi. Yule mayu aliyejua kwamba kipande sicho, ambaye kwa maoni yangu ndo alikuwa jaji bora kuliko wote usiku ule, hana namna yoyote ya kupiga kura, labda amwombe mjukuu, na mjukuu ana timu yake.

Na huku ziwani kuna jambo jingine ambalo mtu wa Dar hawezi hata kulifikiria. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa, zamani karabai na sasa hizi za sola. Mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti dagaa, makambi yanalala, wanaume wanarudi nchi kavu, ndo siku ambazo mabanda yanajaa mpaka watu wanachungulia dirishani. Giza likiingia wanaondoka tena, Ukerewe, Goziba, huko visiwani, usiku kucha wako majini na mtandao unakuja na kuondoka. Kwahiyo mtu wa ziwani anaangalia tamthilia kwa kalenda ya mwezi. Anaangalia mwezi ukiwa mkubwa, anakosa giza likiingia, akirudi anasimuliwa na mkewe alichokosa, na nikuambie ukweli, nimeshasikia masimulizi ya mke kwa mume pale Mwaloni asubuhi huku wanaanika dagaa ambayo yalikuwa matamu kuliko episodi yenyewe. Sasa fungua dirisha la kura kwa siku kumi, likiangukia kwenye giza umewafuta wote hao, hutajua hata kama wapo. Halafu matokeo yakitoka unayaita sauti ya mashabiki. Ya mashabiki gani? Mimi nasema kura ya simu ina kosa lilelile la kipande, tena limeongezeka, jaji alau aliangalia dakika kumi za kazi, mpiga kura aliyetumwa na timu hajaangalia hata moja.

Hoja ya kwamba wamenunua sitakaa nayo sana. Inawezekana siku moja mahali fulani mtu amenunua, sijui, lakini ni hoja inayoeleza kila kitu kwahiyo haielezi kitu, dada yetu angeshinda timu nyingine ingesema hivohivo kwa maneno hayohayo na magrupu yangekuwa yamejaa vilevile.

Dhaifu kuliko zote ni ile inayosemwa na watu wanaojiona wako juu ya jambo hili, na kwa bahati mbaya ndo inayopata laiki nyingi, kwamba tamthilia ni umbea wa kina mama tu, kuigawia tuzo ni mzaha, acheni wapeane vikombe vyao. Kaka zangu, mnaijua Twende na Wakati? Ilianza 1993 Radio Tanzania, tamthilia ya redio, ina dereva wa lori anaitwa Mkwaju, kila kituo ana mwanamke, na ana mke nyumbani anaitwa Tunu. Watafiti walifanya kitu cha ajabu kidogo, walikubaliana Dodoma isirushwe, miaka miwili mikoa mingine inasikiliza na Dodoma wanawekewa kipindi kingine, halafu wakapima. Huku ilikosikika watu wakaongezeka kutumia uzazi wa mpango kuliko Dodoma, na Dodoma ilipofunguliwa 1995 nayo ikaanza kupanda. Huo ndo umbea. Kampeni ngapi zenye mabango na semina na posho zimewahi kupimwa hivo zikaonekana? Na kilichofanya kazi sio hotuba, ni kwamba Mkwaju aliishi na watu muda mrefu, walimcheka kwanza, wakampenda kidogo, halafu ukimwi ukamshika wakiwa wameshamzoea. Ungewakatia kipande cha Mkwaju anaumwa kitandani ungepata tangazo la wizara.

Au chukua Isidingo, ambayo watu wa umri wangu Kanda ya Ziwa wote tuliiangalia ITV, nyumba isiyo na tivii ilihamia kwa jirani na viti vyake. Huko kwao Afrika Kusini ilianza 1998 ikafungwa 2020. Ilikuwa inahusu mji wa mgodi wa dhahabu, Horizon Deep, wakubwa wa mgodi na wachimbaji na familia zao. Watu huwa wanasahau kwamba wakati huohuo sisi huku tulikuwa tunaingia kwenye dhahabu kubwa, mgodi wa Geita ulianza uzalishaji 2000, kila familia Mwanza ilikuwa na kijana aliyeenda kuomba kazi huko au aliyefukuzwa kwenye eneo lake. Kwahiyo Barker Haines, yule tajiri mbaya wa Isidingo, hakuwa adui wa kwenye tivii tu, alikuwa picha ya mtu tuliyekuwa tunamsikia bila kumuona, bosi anayetabasamu huku anasaini, na aliyemuigiza, Robert Whitehead, alifanya ule ubaya kwa upole mpaka ukawa unatamani kumpa kiti. Mjomba wangu mmoja mpaka leo akitaka kumsema mtu mwenye hila anasema "huyo ni Baka." Jaji gani angekata hicho kwa sekunde kumi? (Na tukiwa tunazungumzia kuchukuliwa serious, ile tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, ya Doudou na mama wakwe zake, iliyoonyeshwa TBC 2011, Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar 2013. Umbea ulifika mpaka huko.)

Kuna upande wa pesa ambao kwenye kelele za tumeibiwa haujaguswa, na kwangu mimi ndo wenye uzito. Agosti 2014 waigizaji 16 wa Generations, tamthilia iliyokuwa inaangaliwa na mamilioni Afrika Kusini, waligoma wakidai mikataba inayoeleweka na malipo, pamoja na malipo ya pale kazi yao inaporudiwa kurushwa. Wakafukuzwa wote 16. Tamthilia ikasimama, Desemba ikarudi na jina limeongezwa mkia na sura mpya nyingi. Muigizaji wa tamthilia anaishi na hicho kitisho kila siku, ukibishana na mwenye mali mwandishi anaambiwa akuandikie ajali, Jumatatu unapanda gari, Jumanne uko mochwari, Ijumaa wameshakulia na wiki ijayo ameletwa binamu yako kutoka Ulaya. Filamu haina hilo. Thamani ya muigizaji wa tamthilia iko kwenye kwamba watu wamemzoea, miaka ile yote, na hicho ndo kitu pekee anachoweza kuweka mezani akiongea mkataba. Sasa kama hata tuzo za tamthilia zenyewe hazihesabu miaka, zinahesabu kilio kimoja kizuri, basi zinamthibitishia mwenye mali kwamba analipa vilio, na vilio vinapatikana popote. Ndo maana nikasema kibaya kuliko wizi.

Najua wapo watakaosema tuzo haibadilishi kitu. Siamini hivo. 2016 waigizaji wetu Lulu na Richie walivyorudi kutoka Lagos na tuzo za AMVCA, zile za filamu na tivii za Afrika, nchi ilitikisika, hata baba zetu ambao walikuwa wanaita filamu za Bongo upuuzi waliuliza hawa ni kina nani. Tuzo inabadilisha jinsi watu wanavyokutazama, na hasa inakupa karatasi. Zile zilikuwa za filamu, na filamu kwa tuzo ni rahisi, ina mwanzo na mwisho, jaji anakaa saa moja na nusu anamaliza. Tamthilia zetu kama Huba na Juakali zimejenga watazamaji wa kila siku ambao filamu haijawahi kuwapata toka enzi za kundi la Kaole, na bado zikifika ukumbini zinavalishwa nguo ya filamu.

Na sio kwamba njia haipo. Waingereza wana tuzo zao za tamthilia peke yake tangu 1999, nao wana ugomvi wao, lakini angalau wana kipengele cha adui bora, kwa sababu wanajua tamthilia bila adui ni kikao cha ukoo, na wana tuzo ya mtu aliyetumikia kwa muda mrefu, na nyingine ya walioko nyuma ya kamera ambayo imepewa jina la Tony Warren, aliyeianzisha Coronation Street 1960 na ambayo bado inaendelea. Tamthilia bora na vipengele vichache vingine wanawaachia watazamaji na vilivyobaki vinaenda kwa majaji, wameshakubali kwamba kila mmoja anaona kitu chake. Mimi ningeongeza kimoja ambacho ni rahisi, muigizaji asichague kipande na mtayarishaji asichague. Ichomolewe wiki moja kwa kura ya kikaratasi kwenye kofia, wiki yoyote, episodi zote za wiki hiyo, jaji aangalie amemkuta mtu akifanya nini siku ambayo hakujua anapimwa. Kwa wagombea watano wenye episodi tano tano hizo ni saa 12 na nusu, siku mbili za kazi, na posho wanayo. Hapo ndo utajua nani anaweza kunyoosha shati. Na wale wanaotia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki, jamani, zile sauti za Sultan tumezijua kuliko za majirani zetu na sura zao hatujawahi kuziona, hata kipengele kimoja kiende huko.

Kuhusu kura ya simu sina matumaini nayo sana ila najua hawataiacha, kuna hela humo. Basi wakiipanga ya mwakani wachungulie kalenda kidogo, wafungue dirisha wakati wa mbalamwezi. Mitumbwi itakuwa imefungwa, wanaume wako nchi kavu, na yule mayu nitamwazima simu yangu.